Sanduku la Bi Ismei Haliko Bawshar

Mwanangu Nasra,

Assalamu alaykum. Sikuulizi khabari zako kwa sababu umetoka hapa sasa hivi, na kikombe chako cha chai bado kina moto mezani. Umesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, ukasema, "Mama, nikishamaliza dukani napita kwa mjomba kuchukua sanduku la Bi Ismei." Nikakwambia mjomba'ako hayupo leo. Ukasema, "Mkaza mjomba yupo, si atanifungulia stoo tu." Ukanibusu kichwani ukaenda zako.

Sasa ni saa tisa na nusu. Mpaka mmalize kuzunguka na binamu zako huko Bawshar itakaribia magharibi. Basi nna saa mbili tatu za kuandika jambo nililoshindwa kulisema miaka kumi na moja. Kesho alfajiri unaruka. Mambo ya koti, ya dawa, ya laini ya simu, ya nani atakungojea London ukibadilisha ndege, nshakwambia mpaka umenichoka, siyarudii.

Makaratasi ya Bi Ismei hayako kwa mjomba'ako. Hayajapata kufika kwa mjomba'ako hata siku moja. Nimeyachoma mimi, kwa mkono wangu, hapa hapa Azaiba, nyuma ya nyumba penye bomba. Sanduku lenyewe la bati lipo juu ya dari, nimetia viatu vya zamani. Kilichokuwa ndani ndicho kilichokwenda: kitabu chake chote, kile ambacho hakijachapishwa, unachokwenda kwao Grenada kumsomea.

Nimeshaandika. Nimeweka kalamu nikanywa maji, nikaona bado napumua, basi nnaendelea.

Wewe ulikuwa na miaka sita alipokuja kupanga fleti yetu ya juu, kwa hivyo ulimjua kama mtoto anavyomjua mtu mzima, mikono yake na sauti yake na zile biskuti za tangawizi. Ulipokua ukamjua kwa vitabu vyake. Mie nilimjua jikoni. Unakwenda kuandika maisha yake, na wale watu wa kuchapisha wanakungojea, basi chukua na haya yangu, maana yeye mwenyewe sasa hawezi kukupa.

Siku ya pili tangu ahamie alishuka kuuliza harufu inatoka wapi. Nilikuwa nnakuna kungumanga nitie kwenye uji. Alinichukulia kikunio mkononi, akakinusa, akakaa chini sakafuni kwangu bila ya kukaribishwa, bibi mzima na sketi yake ya kazini. Kiingereza changu ni cha darasa la sita, lakini siku ile nilimfahamu. Bibi yake alikuwa mchambuzi wa kungumanga huko kwao. Ghala zima limejaa wanawake wamekaa kwenye mabenchi marefu, wanatenga nzuri na mbovu tangu asubuhi mpaka jioni. Bibi hakujua kusoma. Ismei akitoka skuli anakalishwa juu ya gunia, anawasomea wanawake gazeti la juzi. Gazeti likiisha, wanawake wanamwambia, "Endelea." Naye anaendelea, anatunga ya kwake, anajifanya anasoma. Aliniambia ndipo alipoanzia kazi, miaka tisa, juu ya gunia, na hakuna aliyemgundua ila bibi yake, ambaye alimwambia njiani, "Leo gazeti lilikuwa refu."

Baba'ako alikuja akatukuta sote wawili chini. Alisubiri Bi Ismei apande juu kisha akasema, "Mpangaji wa ajabu huyu. Kodi analipia juu, anakaa chini."

Alipokuwa msichana alikwenda Uingereza kufanya kazi hospitali, kwenye chumba cha kufulia mashuka. Mashairi yake ya mwanzo aliyaandika humo, karatasi kaiweka juu ya rundo la mashuka ya moto. Kilipotoka kitabu chake cha kwanza kilikuwa chembamba kama daftari la skuli. Aliniambia alikwenda kila siku ya mapumziko katika duka moja la vitabu kuangalia kama kuna aliyekinunua. Kilikuwa kimoja tu, na kila akienda kipo. Mara akaenda hakukikuta, akafurahi njia nzima, mpaka akafika nyumbani akakiona mezani. Mumewe ndiye aliyekinunua, kwa sababu alichoka kumwona akirudi na uso ule. Nikamwambia, "Mume mwema." Akasema, "Mwema sana, Zuwena. Lakini hakukifungua." Huyo mume waliachana baadaye. Hakunisimulia ugomvi, alisema tu kwamba yule bwana alitaka mke jioni, na jioni ndiyo alikuwa anaandika.

Baadaye akasomea ualimu, akafundisha nchi hii na ile, mwisho akaletwa Muscat kufundisha Kiingereza kwenye chuo. Hadithi zake zile mbili, vile vitabu ulivyovisoma mpaka majalada yakatoka, aliviandikia juu ya kichwa changu. Nilikuwa nikilala mchana nasikia kiti chake kinasukumwa. Haijapata kutokea akaandika juu ya Muscat alipokuwa Muscat. Nilimuuliza. Akasema, "Hapa nakuona kila siku, nitakuandikaje?" Kweli, alipoondoka ndipo alipotuandika, na kwa mashairi hayo ndipo dunia ilipomtambua, ameshapindukia sabini. Lile shairi la mwanamke anayepiga pasi kanzu ya dishdasha, wewe ndiye uliyenifasiria hapa ukumbini huku unatokwa na machozi. Mie sikutokwa na machozi. Ulidhani sikulielewa. Nililielewa, mwanangu. Katika shairi lile anasema mwanamke yule ni mtu wa kumwachia roho yako akakutunzia. Niliinuka nikasema chungu kinaungua.

Sasa nikwambie lilivyotokea.

Unajua niliacha skuli. Sababu sijakwambia, nimekuwa nikisema ni mambo ya zamani, wasichana walikuwa wakiachishwa. Hakuna aliyeniachisha. Tulipohama Unguja kuja huku nilikuwa na miaka kumi na mbili, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni tu, cha kusoma Qur'ani. Kuzungumza sikujua. Siku moja mwalimu aliniuliza kitu, nikajibu kwa maneno ya msahafu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Darasa zima lilicheka. Msichana mmoja akasema, "Huyu anaongea kama khatibu wa Ijumaa." Kila nikipita wakawa wanainamisha vichwa wanasema amin. Nilivumilia mwaka ule na uliofuata, kisha nikamwambia mama yangu kichwa kinaniuma, na kikaendelea kuniuma mpaka wakaniacha nyumbani. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia sijui kitu, baridi inaniingia mwili wote. Nimekulea wewe na khofu hiyo ndani yangu na nimejitahidi usiione.

Basi fikiria mwandishi wa vitabu, mwalimu wa chuo, anashuka ngazi jioni moja anasema, "Zuwena, nifundishe kuandika Kiarabu." Nikamwambia atafute mwalimu. Akasema, "Nimeshampata, anakaanga samaki." Nilimfundisha kama nilivyofundishwa mimi, alifu, be, te, na alipoweza kuunganisha nilimwandikisha Bismillahi, Alhamdulillahi, majina ya Mola moja moja, kwa sababu hayo ndiyo niliyoyajua vizuri. Hakusilimu, wala sikumlazimisha, kila mtu na aliloandikiwa. Alipenda maumbo. Alisema herufi zetu zinatembea zimeshikana mikono. Akikosea nilimpiga kwa mwiko mkononi, pole pole, naye anasema, "Ndiyo, mwalimu." Nasra, hakuna mtu mwengine duniani aliyepata kuniita mwalimu.

Naye alikuwa hapotezi karatasi. Kilikuwa kilema cha umasikini wa utotoni, ndivyo alivyosema mwenyewe. Akiandika kitabu chake upande mmoja, upande wa pili anafanyia zoezi langu. Mie niliona upande wangu tu. Nilisahihisha Bismillahi zake miaka mitano sita bila kugeuza karatasi.

Alipoondoka unakumbuka ilikuwa ghafla, dada yake kaugua, tiketi ya baada ya siku mbili. Lile sanduku la bati wewe ulilishika upande mmoja, mie upande mmoja, tukalipandisha ngazi mpaka stoo ya juu. Alinishika mabega akasema, "Niwekee hili. Nitakuja kulichukua, au nitamtuma mtu." Nikamwambia ni amana, na amana kwetu ni deni kwa Mungu. Hakunambia ndani mna nini, na mie sikuuliza, kwa sababu amana haiulizwi.

Mwaka uliofuata ikaja ile mvua iliyovujisha stoo ya juu. Nilipanda nikakuta sanduku limekaa kwenye maji. Hapa ndipo pa kwanza nilipokosea, na mpaka leo nnajitetea hapa: kama nisingelifungua, yangeoza. Nikafungua. Karatasi zimenata, wino umetanda, na zote zimelala kifudifudi, upande wa Kiarabu ndio ulio juu. Rundo zima, tangu juu mpaka chini, jina la Mungu. Bismillahi zilizochuruzika wino. Ar-Rahman limekatika nusu. Nyengine zimeshika kutu ya bati, na mende kaingia.

Niliona ni mie niliyemfundisha yule mama kuandika majina hayo, na hebu tazama yalivyodhalilika kwenye stoo yangu. Unajua tulivyolelewa. Karatasi yenye jina la Mola haitupwi jaani, haikanyagwi, ikichakaa unaichoma kwa adabu na jivu unalizika au unalitia baharini. Nilitia udhu. Nilivaa nguo safi. Niliyateremsha nyuma ya nyumba kwa mafungu, nikayachoma moja baada ya moja, na ninavyokwambia sasa hivi nilikuwa nasoma dua huku nnalia kwa kudhani nnatenda jema.

Niliona Kiingereza. Sitaki kukuficha hata hilo. Karatasi ikikunjamana motoni inageuka, na niliona ule mwandiko wake mdogo, mistari iliyokatwa, maneno yaliyoongezwa pembeni. Nikajiambia ni maandishi ya zoezi, mabaki ya skuli. Nani ataacha kitabu chake kwenye stoo ya watu? Kitabu chake kaondoka nacho, mtu mwenye akili zake. Hivi ndivyo nilivyojiambia. Na kama ningaliweza kuusoma mwandiko ule, mstari mmoja, mmoja tu, ningalikuta jina la bibi yake.

Baba'ako alitoka kuangalia moshi. "Unachoma nini?"

"Makaratasi yenye jina la Mungu. Yalirowa."

"Umefanya vyema," akasema, akarudi ndani kwenye mpira wake.

Jivu nililipeleka pwani hapa chini, nikalitia majini, nikarudi nikapika.

Siku ya sita baada ya moto ule ikaja simu kutoka Grenada. Dada yake hajambo, yeye hajambo, na sasa akili yake imetulia, anataka kumaliza kitabu. Akasema, "Zuwena, sanduku langu liko pakavu?" Akanieleza kwa mara ya kwanza: kazi ya miaka minane, hana nakala, kompyuta haipendi kama ninavyojua, na hakutaka kusafiri nayo asije akaipoteza njiani.

Nikasema, "Liko pakavu."

Nimejiuliza mara ngapi kwa nini nilijibu vile. Watu wangesema niliogopa dhambi ya amana. Ningependa iwe hivyo. Nilichoogopa ni kucheka kwa darasa lile. Nilimwona akiwasimulia wenzake waandishi huko: nilikuwa na mwanamke mmoja Muscat, hajui kusoma, kachoma kitabu changu kwa sababu nyuma kimeandikwa Bismillahi. Nilisikia wanavyocheka. Na yeye si mtu wa kunicheka, nilijua hivyo wakati ule ule, na bado nikasema liko pakavu.

Uwongo ule ulikuwa mdogo siku ya kwanza. Alipokuwa akiuliza nilisema nitamtafuta mtu wa kumpa, kisha posta haziaminiki, kisha nimelipeleka kwa Hilal kwa kuwa fleti inapigwa rangi. Hapo ndipo mjomba'ako alipoingia katika jambo hili bila khabari yake. Kisha ikaja ile tuzo yake kubwa ya mashairi, ukapiga kelele nyumba nzima, ukaniambia, "Mama, na bado kitabu chake kikubwa hakijatoka, kiko kwa mjomba." Ulisema kwa fakhari, kama kwamba dhahabu ya ukoo imo kwenye stoo ya mjomba'ako. Ulipochagua kusoma Kiingereza nilijua unapokwenda. Nilikuwa nakuona unatembea kunijia pole pole miaka yote hiyo. Wewe ulikuwa na furaha, na mie nilikuwa nahesabu hatua.

Wiki iliyopita, ulipotoka kwenda kuaga marafiki zako, nilimpigia Bi Ismei. Unajua kwamba siku hizi anasahau. Mpwa wake alimpa simu. Kiswahili chake cha jikoni hakijamtoka, ajabu ya Mungu, siku ya wiki haijui lakini "umepika nini leo" anaijua. Nikamwambia yote. Nilimwambia kwa Kiswahili, na pale nilipokwama nikamwambia kwa kile Kiingereza changu.

Kisha akasema, "Yote?"

"Yote, Bi Ismei."

"Na ile ya bibi na mvua?"

Nikasema nayo. Alilia. Sijapata kumsikia akilia, hata siku aliyoondoka hakulia. Alilia kama mtoto, na mpwa wake akachukua simu.

Kesho yake akapiga mwenyewe, sauti nzuri kabisa. "Zuwena. Nasra ananiletea sanduku langu, siyo?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia tena. Safari hii alikasirika. Akasema, "Nilikuachia wewe kwa sababu wewe hutupi kitu." Akakata simu. Nikaona nimestahiki, na kwa namna fulani ilikuwa rahisi kuliko kilio.

Siku ya tatu nikampigia mie, kumwomba radhi. Alikuwa hajui radhi ya nini. Ikabidi nimwambie upya, kwa mara ya tatu. Safari hii akacheka, Nasra. Akauliza, "Ulitia udhu?" Nikamwambia nilitia udhu na nguo safi nikavaa. Akacheka mpaka akakohoa. "Wakosoaji wamenifanyia mengi," akasema, "lakini hakuna aliyekiheshimu kitabu changu namna hiyo." Kisha akasema, "Nimekusamehe, mwalimu. Basi." Niliposhusha simu nilisujudu hapo hapo jikoni. Nilihisi wepesi ambao sikuwa nao tangu nilipokuwa binti. Siku ile ndiyo uliyoniuliza mbona nnaimba.

Na juzi akapiga tena. "Zuwena, mwambie Nasra sanduku asilitie chini ya ndege na mizigo. Alipakate."

Nilimuuliza mwalimu wetu wa darsa, bila ya kutaja majina. Amana imeharibika mikononi mwa mtu, mwenyewe kasamehe, kisha kasahau kwamba kasamehe, kasahau hata kwamba imeharibika. Je, msamaha ule upo? Mwalimu wetu ni mtu wa majibu, kila swali analo. Alinitazama, akatengeneza ushungi wake, akasema, "Allahu aalam," Mungu ndiye ajuaye. Na mie nikabaki hapo hapo nilipo. Nikimwambia Bi Ismei kweli, namvunja upya kila siku, na kila siku ni mara yake ya kwanza. Nikinyamaza, anangoja kitu ambacho hakipo. Mara tatu nimemwambia nikajibiwa na watu watatu, na sijui wa nne atakuwa yupi. Jana na juzi sikumwambia. Nilisema, "Inshaallah." Nilipoulizwa kama utalipakata sanduku, nilisema inshaallah, mwanangu, na Mola alikuwa ananisikia.

Jambo nililotaka kukusaidia nalo nimelijaribu nikashindwa. Kile kitabu alikuwa akinisimulia vipande vipande nikikata vitunguu. Nimekaa usiku tatu nne hizi nikiandika ninachokumbuka. Ni mwanamke katika ghala la kungumanga, anaanza kuwa kiziwi. Kungumanga iliyokauka sawasawa ukiitikisa inagonga ndani ya ganda lake, na wao wanachambua kwa kusikia. Yeye hasikii tena, anaficha, anajifunza kuipokea ile sauti kwa kifundo cha mkono. Msimamizi anamshuku. Kuna mtoto anayemsomea gazeti, naye ndiye anayejua. Kuna mvua. Mwisho alinisimulia mara tatu na kila mara ulikuwa tofauti: katika mmoja anafukuzwa, katika mmoja anasimama mwenyewe akatoka, wa tatu siukumbuki. Imejaa karatasi moja na robo. Miaka minane yake, na mie nimetoa karatasi moja na robo, kwa Kiswahili, na maneno yake hata moja halimo. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Sijui ni ya kumpa au si ya kumpa.

Sikuandiki ili unisamehe kabla ya safari. Nimekuwa nikitaka niifiche barua hii kwenye mkoba wako uikute hewani, na nimeona huo nao ungekuwa uwoga, ungesoma umefungwa mkanda katikati ya watu usiowajua, na mtu wa kumkasirikia huna. Nataka uisome hapa, nipo.

Kama lipo la kukupa kutokana na haya, ni moja, na silisemi kama mtu aliyelishinda. Siku utakayokosea huko, nawe utakosea, mwambie mwenyewe siku ile ile, hata kama kusema kutakufanya uonekane mjinga. Mie ningesema siku ya sita. Alikuwa na akili zake timamu wakati ule, na kitabu alikuwa nacho kichwani bado. Angekaa akakiandika tena. Hilo ndilo ninaloamka nalo alfajiri, si moto ule. Moto ulikuwa ujinga, na ujinga Mola anausamehe. Miaka kumi na moja ya "liko pakavu" ndiyo iliyochoma kitabu.

Nimesimama hapa kidogo, simu imelia. Ulikuwa wewe.

"Mama, mjomba yupo mbona. Anasema hajapata kuliona sanduku lolote. Mkaza mjomba kafungua stoo yote, hamna."

Nikasema, "Njoo nyumbani, mwanangu."

"Mama, liko wapi?"

"Njoo nyumbani."

Nilisikia mjomba'ako nyuma akiuliza, "Sanduku gani hilo jamani?" Kisha ukasema, "Nakuja," kwa sauti ambayo siijui, na mie nimekuzaa.

Kutoka Bawshar mpaka hapa ni dakika ishirini, nusu saa na foleni. Siombi uende wala siombi ubaki. Ukienda, atakuuliza siku ya kwanza, utie mguu ndani tu, na atakuuliza kesho yake na keshokutwa yake, na wewe ndiye utakayekaa mbele ya uso wake, si mie. Nimekutengenezea kazi hiyo na siwezi kuifanya kwa niaba yako. Kama utamwambia kweli kila asubuhi, au utasema liko njiani, sina ulimi wa kukuamrisha. Nilitaka sana niwe nao, maana mama hutakiwa awe na neno la mwisho la kumpa mtoto anayeondoka. Nimetafuta tangu saa tisa na nusu sijaliona.

Baba'ako ameingia sasa hivi, anataka kupakia mabegi garini ili kesho asihangaike. Hajui kitu, maskini, anadhani nnaandika orodha ya viungo vya kukupa. Ameuliza, "Niyapakie?"

Nimemwambia aache kwanza, mwenyewe anakuja.

Mama'ako,
Zuwena